Mvuke nyuma ya usukani: sheria ilivyoachwa nyuma kati ya Bukoba na Muleba

Sheria mbili ndizo zinazomgusa dereva anayevuta sigara ya kielektroniki akiwa njiani kutoka Bukoba kwenda Muleba, na zilipotungwa hakuna hata moja iliyomfikiria. Ya kwanza ni Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, inayoangalia namna anavyoendesha. Ya pili ni Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003, inayoangalia tumbaku na mahali inapovutwa. Katikati ya hizo mbili umebaki mwanya, na katika mkoa wa Kagera, unaopakana kwa nchi kavu na Uganda, Rwanda na Burundi, mwanya huo unaonekana vizuri kuliko sehemu nyingi za nchi.

Kifaa chenyewe si kigumu kukieleza. Ni betri ndogo ya lithiamu, waya unaopata moto, na kimiminika chenye propilini glikoli, gliserini, ladha na, mara nyingi, nikotini. Mvutaji akinyonya, betri huupasha waya, kimiminika hugeuka ukungu mzito wa matone madogo mno, naye huuvuta ukungu huo na kuutoa. Hakuna jani linaloungua, hakuna majivu, hakuna kiberiti. Vijana wanakiita vepu. Aliyekibuni katika umbo lake la kisasa ni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Mwaka huohuo, tarehe 21 Mei, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Na ni mwaka huohuo wa 2003 Tanzania ilipopata sheria yake ya tumbaku. Watunga sheria wa wakati ule hawana lawama, kwa kuwa waliandika dhidi ya kitu walichokijua. Lawama huanza pale sheria inapoachwa hivyo hivyo baada ya kitu kipya kujulikana.

Tofauti kati ya kifaa hiki na sigara ya kawaida ni kubwa kwa mtu aliyeshika usukani. Sigara ya karatasi ina mwanzo na mwisho: huwashwa, huvutwa kwa dakika chache, huzimwa. Kiko cha wazee wa Kihaya kilivutwa mtu ameketi, kazi imesimama. Vepu imeondoa kuketi na imeondoa mwisho. Mtu huweza kuvuta pumzi mbili Kyetema, tatu Kemondo, nyingine Muhutwe, bila kuhisi kwamba amevuta chochote, kwa sababu hakuna kipande kilichobaki mkononi cha kumkumbusha. Kila pumzi inadai mkono mmoja uache usukani, macho yatafute kilipo kifaa au yaangalie taa ya betri, na kisha wingu litoke mbele ya uso wake.

Hesabu yake ni fupi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi, hupita karibu mita 28 katika sekunde mbili. Likiwa na kilomita 80 kwa saa hupita mita 44. Barabara ya Bukoba kwenda Muleba haina mahali ambapo mita 44 zinaweza kuachwa ziende zenyewe. Ni njia kuu ya kutoka Mutukula mpakani mwa Uganda kuelekea Biharamulo na Mwanza, kwa hiyo malori ya mizigo na ya mafuta yanapita humo pamoja na haisi za abiria, magari madogo yanayoitwa michomoko, bodaboda, na baiskeli zilizobebeshwa mikungu ya ndizi mpaka mwendeshaji haonekani. Vijiji vimeshikana na lami. Wanafunzi hutembea pembeni asubuhi na jioni, na mashamba ya migomba na mibuni yamesogea karibu kiasi kwamba mtoto anayetoka shambani huonekana akiwa tayari barabarani.

Kisha kuna mvua, na hapa ndipo jambo hili linapokuwa la Kagera hasa. Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Kwa abiria maana yake ni vioo vilivyofungwa kwa sehemu kubwa ya safari, hasa kati ya Machi na Mei. Haisi iliyojaa watu, nguo zikiwa zimelowa na kiyoyozi hakifanyi kazi, hujitengenezea ukungu wake kwenye kioo cha mbele hata kabla ya mtu yeyote kuvuta chochote. Utingo hupangusa kwa kitambaa, dereva hupangusa kwa kiganja. Ongeza humo wingu la vepu. Propilini glikoli na gliserini hazipotei kama mvuke wa chai: sehemu yake hutua kwenye kioo na kuacha utando mwembamba wenye mafuta, ambao usiku hutawanya mwanga wa taa za gari linalokuja mpaka dereva asitofautishe lori na ukingo wa barabara. Waipa husafisha upande wa nje tu.

Ndani ya gari hilohilo kuna pumzi za wengine. Mama anayempeleka mtoto mwenye kifua Hospitali ya Rubya, au mgonjwa wa pumu anayepelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, hana namna ya kujitenga na kinachotoka kwenye kiti cha mbele. Ukungu wa vepu una kemikali chache kuliko moshi wa sigara, jambo ambalo wauzaji hulisema kila mara, nalo ni kweli. Lakini si maji matupu. Hubeba nikotini, chembe ndogo zinazoingia ndani ya mapafu, na kemikali zinazozaliwa kimiminika kinapopashwa moto. Mtoto mchanga hahitaji nikotini kwa kiwango chochote, na abiria aliyelipa nauli hakulipia kuvutishwa.

Bodaboda ni habari nyingine. Mkono wa kulia wa mwendeshaji pikipiki umeshika mafuta na breki ya mbele, kwa hiyo kifaa hushikwa kwa mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni klachi. Kwenye miinuko na miteremko ya Bukoba mkono huo hauna nafasi ya kupumzika. Na kwa kuwa abiria ameketi nyuma, upepo humletea wingu zima usoni. Hapa suala la hewa ya ndani halipo kabisa, kwa sababu pikipiki haina ndani, na sheria yoyote inayozungumzia tu gari lililofunikwa itakiacha nje chombo kinachobeba watu wengi katika vijiji vya Muleba.

Sheria ya 1973 inampa askari wa usalama barabarani nini? Inampa kosa la kuendesha bila uangalifu na kosa zito zaidi la kuendesha kwa hatari. Maneno haya ni mapana na yalifanywa mapana kwa makusudi, ili yaweze kumkamata dereva anayekula, anayegeuka nyuma kugombana na konda, au anayesinzia. Dereva wa vepu anaingia humo bila shida ya kimantiki. Shida ni ushahidi. Askari aliyesimama barabarani huona wingu likipita. Ili kosa lithibitike mahakamani, anapaswa kuonyesha kwamba uangalifu ulipungua kweli: gari liliyumba, lilivuka mstari, lilimkosakosa mtembea kwa miguu. Kwa pombe sheria iliona ugumu huu mapema ikaweka kipimo, miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu, ili askari asilazimike kubishana kuhusu nani amelewa na nani amechangamka. Kwa vepu hakuna kipimo cha aina hiyo, wala hakitafutwi, kwa kuwa kosa haliko kwenye damu. Liko kwenye mkono na macho.

Simu ya mkononi imetoa funzo hilohilo. Mwaka 1973 haikuwapo, na huduma yake ilipoanza nchini katika miaka ya 1990 sheria ilikuwa na umri wa miaka 20. Leo dereva yeyote wa haisi anajua kwamba kuzungumza na simu akiwa anaendesha ni kosa, na abiria hupaza sauti wakimwona. Hali hiyo haikuletwa na wino wa sheria peke yake. Ililetwa na askari waliosimamisha magari na abiria waliokataa kunyamaza. Vepu bado haijafika hapo, na abiria wengi wakiiona hudhani ni kifaa cha simu au manukato.

Sheria ya 2003 inakaribia jambo kutoka upande mwingine. Iliweka mipaka ya kuvuta tumbaku katika maeneo ya umma na vyombo vya usafiri wa umma, ikakataza kumuuzia tumbaku mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Tangu 2021 usimamizi wa bidhaa za tumbaku umekabidhiwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mzizi wa sheria hiyo, hata hivyo, ni tumbaku yenyewe. Wakili wa upande wa mashtaka anaweza kusema kwamba nikotini iliyomo ndani ya vepu imetoka kwenye jani la tumbaku, kwa hiyo kifaa ni bidhaa ya tumbaku. Wakili wa utetezi atajibu kwamba nikotini siku hizi hutengenezwa maabara bila jani lolote, na kwamba zipo chupa zisizo na nikotini kabisa. Wote wawili watakuwa wamesema kweli. Marekani ilikwama hapohapo, na mwezi Machi 2022 bunge lake likalazimika kurekebisha sheria ili nikotini ya maabara nayo iingie chini ya mamlaka ya afya. Hakimu wa Muleba hapaswi kuachiwa kazi ya kuamua kemia ya kitu ambacho Bunge lingeweza kukitaja kwa sentensi moja.

Uganda ilikwisha kukitaja. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanza kutumika kikamilifu Mei 2016, ilipiga marufuku kuagiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki, pamoja na shisha na tumbaku zenye ladha. Kampuni ya British American Tobacco Uganda ilipinga vifungu kadhaa vya sheria hiyo katika Mahakama ya Katiba, na mwaka 2019 ikashindwa. Kwa hiyo gari linalotoka Kampala kupitia Masaka likifika Mutukula linatoka katika nchi ambako bidhaa hii imefungiwa soko na kuingia katika nchi ambako sheria haijaitamka. Kutoka Mutukula hadi Bukoba ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Kenya nayo ilipeleka katika Seneti muswada wa marekebisho wa 2024 uliolenga kuingiza sigara za kielektroniki ndani ya sheria yake ya tumbaku ya 2007. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekubaliana kuhusu ushuru wa forodha na uzito wa malori. Haitakuwa ajabu ikikubaliana pia kuhusu kinachovutwa ndani ya basi linalovuka mipaka.

Mbali na hapa, nchi zimefuata njia tofauti, na makosa yao yana faida kwa anayeanza sasa. Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, imekataza kuvuta sigara ndani ya gari la binafsi lenye mtu aliye chini ya miaka 18, kwa faini ya pauni 50. Iliziacha nje sigara za kielektroniki. Matokeo yake polisi wa huko humshughulikia dereva wa vepu kwa kosa la kutokuwa makini tu, yaani wako palepale walipo askari wa Kagera. Afrika Kusini ilichagua umri wa miaka 12. Mauritius ilikwenda mbali zaidi: tangu 2009 dereva wa gari la binafsi lenye abiria haruhusiwi kuvuta, awe abiria huyo mtoto au mtu mzima. Kalifornia ilirekebisha neno lenyewe. Mwaka 2016 ilipanua maana ya kuvuta ili iingize vifaa vya kielektroniki, na makatazo yaliyokuwapo yakavifuata vifaa hivyo bila kuhitaji sheria mpya kwa kila mahali.

Njia hii ya mwisho ndiyo inayofaa zaidi Tanzania. Kutunga kosa jipya linaloitwa kwa jina la kifaa ni kukimbizana na viwanda. Leo ni vepu yenye chupa, kesho ni kijiti kinachopasha tumbaku bila kuiunguza, keshokutwa ni kitu ambacho bado hakina jina. Marekebisho mafupi ya tafsiri ya maneno kuvuta na bidhaa katika sheria ya 2003, yakiletwa bungeni ndani ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, yangetosha kukiingiza kila kifaa kinachomfanya mtu avute na kutoa moshi au ukungu, kiwe na nikotini au kisiwe nayo. Baada ya hapo haisi, basi na mchomoko vingekuwa vimeguswa siku hiyohiyo, kwa sababu usafiri wa umma umo tayari ndani ya sheria.

Gari la binafsi linahitaji uangalifu zaidi, na hapa si haki kuwatia watu wote kapu moja. Mtu aliye peke yake katika gari lake, vioo vikiwa wazi, hamvutishi mtu mwingine. Kinachobaki kwake ni usalama wa barabara, na kosa la kuendesha bila uangalifu linamfaa, alimradi Kikosi cha Usalama Barabarani kiwaelekeze askari wake kwa maandishi kwamba kushika kifaa cha kuvutia gari likiwa kwenye mwendo kihesabiwe kama kushika simu. Mtu aliyebeba mtoto ni suala jingine kabisa. Huyo anapaswa kukatazwa moja kwa moja, iwe gari ni lake au la kuazima, na umri wa miaka 18 ndio unaolingana na sheria ya sasa kuhusu uuzaji. Pikipiki inayobeba abiria ichukuliwe kama haisi.

Wapo watakaopinga, na hoja yao moja ina uzito. Dereva aliyeacha sigara baada ya miaka 20 kwa msaada wa kifaa hiki atauliza kwa nini anaadhibiwa kwa kujaribu kujiokoa. Kuna watu wa namna hiyo, na mamlaka za afya za Uingereza zimewahimiza wavutaji wa sigara wahamie huko kama hatua ya kuacha. Zaidi ya hayo, mtu aliyezoea nikotini akiikosa kwa muda mrefu hukosa utulivu, na dereva asiye na utulivu ni hatari pia. Lakini umbali kati ya Bukoba na Muleba haufiki kilomita 70. Mwenye gari lake anaweza kusimama Muhutwe dakika tano, akashuka, akavuta mbali na watu, akaendelea. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Mutukula hupumzika mara kadhaa njiani, na mapumziko hayo ndiyo mahali pake. Anayebeba mafuta anajua tayari kwamba kitu chenye waya wa moto na betri hakikai karibu na tanki. Sheria inayopendekezwa haimwondolei mtu kifaa chake. Inamtaka ashuke kwenye usukani kwanza.

Hoja nyingine ni kwamba mkoa una vifo vya barabarani vyenye sababu kubwa kuliko hii: mwendo kasi, ulevi, pikipiki zinazobeba watu watatu bila kofia ngumu, michomoko iliyopakia abiria hadi kwenye kiti cha dereva. Ni kweli tupu, na askari mwenye saa moja ya kazi anapaswa kuanza na hayo. Lakini udogo wa tatizo ni sababu ya kuanza mapema: utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku nchini ni asilimia 8.7, kiwango ambacho nchi nyingi zingekitamani. Kwa hiyo Tanzania ina nafasi ya kutunga kanuni kabla mazoea hayajaota mizizi. Bodaboda zilijaa mijini na vijijini kwanza, na kanuni za leseni zake zikaja mwaka 2010, watu wakiwa wamekwisha kuzoea kupanda bila kofia. Kuwarudisha nyuma kumekuwa kazi ngumu mpaka leo.

Yapo yanayoweza kufanyika hata kabla Bunge halijakaa. Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo katika maeneo yao. Manispaa ya Bukoba, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba haziwezi kuamuru mambo ya barabara kuu, lakini stendi, maegesho na masoko ni yao. Sheria ndogo inayokataza kuvuta kifaa chochote ndani ya stendi na ndani ya gari linalopakia abiria iko ndani ya uwezo wa madiwani. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, ndiyo inayotoa leseni za magari ya abiria, na kila leseni ina masharti. Sharti moja la nyongeza, likiandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa juu ya kiti cha dereva pale inapobandikwa nauli, lingempa abiria kitu cha kunyoosha kidole. Abiria wa Kagera si waoga wa kusema, wanachokosa ni maandishi ya kuegemea.

Madiwani wa Bukoba na Muleba waanze na stendi zao, na wabunge wa Kagera wabebe marekebisho ya tafsiri ya 2003 hadi Dodoma. Kabla hayo hayajatimia, askari anayeona wingu likitoka kwenye dirisha la dereva wa haisi pale Kemondo anayo sheria ya 1973 mkononi. Inamruhusu kulisimamisha gari hilo leo.